Jembe Lililobaki Mlangoni

Mwanangu Athumani,

Marahaba. Najua ukiifungua karatasi hii utasema shikamoo kabla hujasoma, maana ndivyo shangazi yako alivyokulea, basi nimeitikia mapema. Mimi ni mzima wa mwili. Mikono imechanika kwa miiba ya mkonge kama siku zote, na kalamu naishika kama ninavyoshika kisu cha kukatia majani, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Leo Jumapili hatukwenda kukata. Nimekaa nje ya kambi, sanduku la sabuni ndilo meza yangu. Dereva wa lori anashusha robota za singa za mkonge bandarini alasiri, meli inazingoja, na ameniahidi kwamba atapita Rasbura akupe barua hii mkononi pamoja na kitu kilichofungwa ndani ya gunia. Gunia usilifungue kwanza. Soma.

Habari za kufunga mzigo na za kula na za kulala sitakuandikia. Shangazi yako amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi lori la Kilwa likinguruma atakuambia tena. Ningekuja mwenyewe kukuaga, lakini kipande changu cha kazi, ile kadi ya siku thelathini, hakijajaa, na mnyapara hamruhusu mtu kutoka kabla hakijajaa. Hiyo ndiyo sababu niliyokusudia kukuandikia. Nimeiandika, nimeitazama, nimeona aibu. Mnyapara sikumwomba hata hiyo ruhusa. Nimekaa kwa sababu haya nitakayokuambia nisingeweza kuyasema huku nakutazama usoni.

Barua yako ilifika Jumatano. Umeandika hivi: "Baba, Bwana Maendeleo amenipa kituo changu cha kwanza, na ni kwetu Umatumbi. Nakwenda kukifufua kile kisima ulichokianzisha wewe. Watu watasema mtoto ameimaliza kazi ya baba yake." Nilipofika hapo nikaikunja. Anselmo, yule Mmakonde ninayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Hakuna. Mwanangu amepata kazi."

"Ala. Kwenu mtu akipata kazi mnamlilia?"

Athumani, ulipokuwa mdogo tulikuambia kwamba dada yako Asha alikufa kwa homa. Mimi nilisema hivyo, shangazi yako akanifuata, na mama yako, Mungu amrehemu, alikufa hajasema neno lolote. Haikuwa homa. Asha alikufa ndani ya kisima hicho unachokwenda kukifufua, na aliyemtuma kuchota maji humo ni mimi. Kijijini kila mtu anajua. Utakapofika, kuna mtu atakuambia, pengine mtoto tu asiyejua anasema nini. Nataka uwe umelisikia kwangu kwanza.

Sasa ngoja nianze mwanzo.

Zamani zile, kabla ya vita, wewe ukiwa bado unanyonya, Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, alikuja kwetu kutoka boma la Kilwa, akakalishwa kwenye kiti cha jumbe, akasema serikali imeona wanawake wetu wanateremka mbali sana kuteka maji. Ilikuwa kweli. Maji yetu yalikuwa chemchem ya Mkuyuni, chini bondeni, na kupanda nayo kichwani mama yako alipumzika mara tatu. Kwa hiyo usije ukadhani nia ilikuwa mbaya. Nia ilikuwa nzuri. Bwana yule alikuwa mtu mpole, na saruji aliyoiahidi aliileta. Nimekaa huku miaka yote nikitafuta mtu mbaya katika habari hii ili nimbebeshe mzigo, sijampata.

Akauliza nani anajua kusoma. Mimi nilikuwa nimekaa shule miaka miwili, kwetu hiyo ilikuwa elimu kubwa. Nikasimama. Nikafanywa karani, nikapewa daftari la majina ya wachimbaji, na filimbi ya kuwaitia kazini. Nakuambia habari ya filimbi kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Daftari ni karatasi, lakini filimbi ukipuliza, watu wazima waliokuona ukiwa uchi wanainuka.

Jambo la kwanza lilikuwa mahali pa kuchimba. Jumbe alitaka kisima kiwe karibu na baraza lake, kando ya barabara, ili Bwana Shauri akipita akione bila kushuka katika motokaa. Mimi nilikubali papo hapo, maana hata mimi nilitaka kionekane. Jioni, mama yako akiwa anapepeta mchele, akaniambia, "Baba Asha, pale barazani udongo wake si mzuri. Sisi tulijaribu kuchimba udongo wa vyungu pale, masika unamumunyika wote. Ukitia kidole unaingia."

Nikamwambia, "Kisima si chungu."

Akasema, "Najua si chungu. Nasema udongo."

Nikamwambia mambo ya boma ayaache. Mama yako alikuwa mfinyanzi, Athumani. Wanawake wa kwetu ndio wanaoujua udongo wa kila upande wa kilima kile, upi unashika, upi unapasuka, upi una mchanga ndani. Katika baraza lote lile la wanaume, hakuna aliyewahi kufinyanga hata kibia. Tukaamua sisi.

Jambo la pili ni wachimbaji. Kwetu, kazi kubwa hufanywa kwa ujima. Mwenye shamba hupika, watu huja na majembe yao, huimba, hutaniana, jua likipanda wanakula, na mwenye shamba hula mwisho baada ya wote. Hata njia ya kwenda Mkuyuni ilisafishwa hivyo kila mwaka, na sikumbuki nani aliyewahi kuita watu. Walikwenda tu. Lakini akida aliyetoka Kivinje kusimamia akasema ujima unachelewesha, tuwachukue waliokosa kodi, wachimbe badala ya kodi. Niliandika majina yao mimi. Kila asubuhi nikapuliza filimbi, wakaja wameinamisha vichwa, na waliobaki nyumbani wakashukuru Mungu kwamba hawamo. Hivyo kisima kikawa mahali pa adhabu kabla hakijatoa maji. Sikuliona hilo. Niliona shimo linakwenda chini haraka, nikafurahi.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye nataka umjue. Anaitwa Mzee Ligombe. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Wewe umekulia mjini, utani umeuona kama mzaha wa kuchekesha watu sokoni. Kwetu ni kazi. Mtani ndiye anayeruhusiwa kukutukana mbele ya watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Atachukua kuku wako mbele ya macho yako. Ukifa, yeye ndiye atakayekuchimbia kaburi, na huku analia uongo na kuigiza ulivyokuwa ukitembea, mpaka wafiwa wenyewe wanacheka na machozi yamo machoni. Yale ambayo ndugu yako anaona haya kukuambia, mtani anakuambia akiwa anacheka.

Ligombe hakuwa katika waliokosa kodi. Alikuja kwa hiari yake kila siku kunitukana. Nikipuliza filimbi anasema, "Sikieni, ndege wa boma amelia, kataga tena." Watu wanacheka, hata waliomo shimoni wanacheka, na nakuambia kweli, siku alizokuja yeye kazi ilikwenda vizuri zaidi.

Siku moja, shimo limepita urefu wa watu wawili, akida alikuwa amesimama ukingoni pamoja nami. Ligombe akaja, akavua kofia, akalala chali kando ya shimo, akafumba macho na kukunja mikono kifuani. Akasema kwa sauti kubwa, "Huyu mtani wangu amechimba kaburi zuri, refu, ila amesahau kuua mtu. Haya nizikeni mimi, kazi yenu isipotee bure. Lakini fanyeni haraka, maana naona ukuta huu utanifukia kabla yenu." Akachota udongo wa ukingoni, akauminya, ukamwagika kati ya vidole kama unga.

Watu wakacheka sana. Mmoja shimoni akasema, "Mzee, ngoja kwanza sisi tutoke."

Akida hakucheka, maana hakujua huyu ni nani. Akanigeukia akaniuliza, "Huyu mtu ni nani?"

Mwanangu, jibu lilikuwa rahisi. Ningesema, "Ni mtani wangu," akida angecheka na yeye, kwa sababu hata watu wa Pwani wana watani wao, na angenitania mimi mpaka jioni. Pengine angeinama kuutazama ule udongo. Lakini nilikuwa na filimbi shingoni na wachimbaji walikuwa wananicheka mbele ya mkubwa. Nikasema, "Ni mkaidi huyu. Anazuia kazi."

Matarishi wa boma wakamchukua. Alipelekwa bomani akachapwa viboko, akarudi baada ya siku kadhaa anatembea ameinama kidogo. Akapita kando ya shimo akanisalimu, "Hujambo, karani." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Mtani hamwiti mtani wake kwa cheo, labda kwa kumdhihaki, na siku hiyo hakuwa anadhihaki.

Tangu hapo pale shimoni hapakuwa na kicheko. Watu walikuja, walichimba, waliondoka. Niliuliza neno, wakajibu "ndiyo". Nikamwambia mama yako, "Umeona? Sasa wamenyooka." Yeye aliendelea kukoroga chungu chake. Nilidhani wamenitii. Athumani, nimejifunza mambo machache katika maisha yangu, lakini hili nimelijifunza kwa bei ambayo hakuna mtu angekubali kuitoa: watu wakiacha kukutania, ujue umebaki peke yako. Watakubali kila utakalosema, na hakuna hata mmoja atakayekuambia unakwenda wapi.

Saruji ilitosha kujengea chini na katikati. Juu, karibu na mdomo, ikaisha. Akida akasema patajengwa mwaka ujao, tuweke miti kwa sasa. Nilijua haitoshi. Mtu aliyeminya udongo mkononi mwake alikuwa amekwisha kuniambia, na mwanamke aliyefinyanga udongo ule alikuwa amekwisha kuniambia. Lakini Bwana Shauri alikuwa na siku yake ya kuja kukifungua, na mbuzi wamekwisha kufungwa kambani.

Alikuja. Mama yako ndiye aliyeteka ndoo ya kwanza, kwa kuwa ni mke wa karani. Watu wakapiga makofi. Bwana Shauri akasema kisima hiki ni chenu, kitunzeni. Nikakitazama kijiji kile chote kilivyosimama kikisikiliza, na leo najua walichokuwa wanafikiri. Walifikiri, kimekuwa chetu lini? Mahali mlichagua nyinyi, walichimba wafungwa wa kodi, aliyesema neno alichapwa. Leo kimekwisha ndipo kimekuwa chetu.

Kiangazi wanawake walikitumia, si sana. Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, mmoja mmoja wakarudi Mkuyuni. Hawakusema kitu. Nilikuwa nimesimama barazani nikawaona wanateremka na mitungi yao, wananipita, "Hujambo, karani," na kwenda zao. Nilichukia. Nikaona wananikataa mimi. Hata siku moja haikunijia kwamba wanauogopa udongo.

Nikamwambia mama yako, "Nyumba hii haitateka maji Mkuyuni. Watu wakikuona wewe unakwenda bondeni, nani atatumia kisima?"

Akasema, "Mvua imenyesha siku nne."

Nikasema, "Ndiyo maana. Wakuone."

Yeye alikuwa amekubeba wewe mgongoni una homa, basi akamtuma Asha. Nimeandika akamtuma. Si kweli, mwanangu. Alisema Asha angoje mvua ikatike. Mimi ndiye niliyempa Asha ndoo. Alikuwa anapenda ile ndoo kwa sababu ni ya bati, inalia. Alikwenda akiipiga kwa vidole.

Ukingo uliporomoka wote na miti yake. Sauti niliisikia, nikadhani ni radi.

Aliyeingia humo kumtoa ni Ligombe. Wanaume tulikuwa wengi pale, na mimi baba yake nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu, lakini kila aliyesogea udongo ulimwagika chini ya miguu yake, tukarudi nyuma. Ligombe alijifunga kamba kiunoni, akawapa wanawe upande mmoja, akashuka na mgongo ule uliochapwa. Akapanda naye begani. Akamlaza juu ya majani, akamfunika kanga ya mke wake, akaniambia, "Mchukue mtoto wako." Hakuniita karani, hakuniita mtani. Hakuniita kitu.

Baadaye, matanga yakiendelea, jirani yetu mmoja mwanamke alikiri kwa mama yako kwamba siku moja kabla ya msiba aliona ufa umezunguka mdomo wa kisima. Mimi nilikuwa uani nikasikia. Nikatoka nikamuuliza, "Umeona ufa, ukanyamaza?"

Akanitazama bila hasira yoyote. Akasema, "Baba Asha, nani akuambie? Aliyekuambia, sote tulimwona alivyorudi."

Nimekata mkonge tangu siku ambayo hata sitaki kuihesabu, na kila siku nasikia maneno hayo.

Nikueleze habari ya mazishi, halafu utaelewa gunia. Ligombe na watu wake walikuja, maana mazishi yetu ni kazi yao. Wake zao walimwosha Asha. Wanaume wakachimba kaburi kwa jembe langu, kwa sababu desturi ni kwamba jembe lililochimba kaburi wanalichukua watani, ndiyo haki yao, na hulichukua kwa maneno: jembe gani hili butu, nyie ni masikini hata katika kufa, tuongezeeni na kuku. Nami nilikuwa nimemfunga kuku tayari. Nilikaa pale nikingoja watukane. Nilitaka wanitukane, Athumani. Nilitaka Ligombe alale chali kando ya kaburi, aseme neno lolote, hata lile la kuniua. Hakuna aliyesema. Walichimba kimya, walizika kimya. Kisha Ligombe akalileta jembe mpaka nyumbani, akaliegemeza mlangoni, akaondoka. Na watu wake wakamfuata. Kuku akabaki na kamba yake mguuni.

Mama yako alilitazama lile jembe akasema, "Hawatarudi hao." Ndilo neno la mwisho alilolisema juu ya jambo lote lile. Baada ya hapo akarudi kwao pamoja nawe, na alipofariki nawe bado mdogo, shangazi yako akakuchukua Rasbura. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbia. Filimbi niliitupa kisimani siku niliyoondoka. Ukichimba usishangae ukiikuta.

Kisima kikaota magugu. Nimesikia kwa watu wa kwetu wanaokuja kutafuta kazi huku kwamba kila akija mkubwa kutoka bomani akauliza mbona kimekufa, wanajibu, "Tunaingoja serikali ije ikitengeneze." Wakubwa hukasirika, husema watu wa milimani ni wavivu. Si wavivu. Njia ya Mkuyuni mpaka leo inasafishwa.

Mwaka mmoja mwenye shamba la mkonge alitupeleka Milola kukata miti. Pale pana kijito, na juu yake daraja la magogo, baya, limepinda. Masika yakija linachukuliwa na maji. Nilikuwapo lilipochukuliwa. Siku ya pili watu wakaja na mapanga na kamba za magome, wazee wanatoa amri ambazo hakuna anayezifuata, wanawake wanapika huku wanawacheka wanaume. Kuna bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe anamwambia kila anayebeba gogo, "Si hapo, pumbavu, hapo maji yanakula." Na wanahamisha. Baada ya siku mbili watu wanapita. Nikamuuliza kijana mmoja kwa nini hawaombi serikali daraja la saruji. Akasema walipewa ahadi hiyo zamani, yule bibi akamuuliza Bwana aliyekuja, "Likivunjika, tutakuja kukuita wapi?" Bwana akarudi kwenye motokaa yake, na saruji haikuja.

Sikuambii daraja la magogo linashinda la saruji. Saruji ni kitu kizuri, ningekuwa nayo ya kutosha siku ile pengine Asha angekuwa mama wa watoto. Nakuambia nilikaa pale kando ya kijito nikalia, Anselmo ni shahidi, kwa sababu nilimsikia bibi anawaita wanaume pumbavu na wanahamisha gogo. Basi. Hilo ndilo nililokuwa nalo kwetu, nikaliua kwa neno moja.

Sasa wewe utakwenda na saruji nyingi kuliko yangu, na ramani, na barua yenye muhuri. Una shule kuliko mimi. Wasiwasi wangu si kwamba hutajua kujenga. Wasiwasi wangu ni kwamba watakupokea vizuri. Utafika, watakuwekea kiti, watasema ndiyo, karibu, tumefurahi. Watasema ndiyo kwa kila utakalouliza, na wewe utaniandikia kwamba mambo yanakwenda. Utakuwa umesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Anselmo amepita hapa mara ya pili. Ameona karatasi zilivyojaa akauliza, "Unaandika barua au unaandika hukumu?" Nikamwambia zote mbili. Akasema, "Basi malizia, dereva anapakia robota za mwisho, na yule hana subira hata na mkewe." Kwa hiyo naharakisha.

Fungua gunia sasa. Ni jembe lile. Nimelibeba tangu kwetu, katika kila kambi niliyolala limekuwa chini ya kitanda, na watu wamenicheka, mkata mkonge ana jembe la nini. Mpini wa zamani uliliwa na mchwa. Sikutia mwingine. Halikuwa langu la kutilia mpini.

Ninachokuomba ni hiki, na sikuamuru, maana sina haki hiyo tena. Ukifika, usianze kwa jumbe. Najua Bwana Maendeleo amekuambia uanze kwa jumbe. Pitia kwanza kwa Mzee Ligombe. Naambiwa yu hai, jicho moja halioni vizuri, anakaa chini ya kilima kwenye njia ya Mkuyuni. Mwambie wewe ni nani. Usimwambie umekuja kufanya nini. Mwekee jembe miguuni, ukae chini, unyamaze. Kama amekwisha kufa utakapofika, mpelekee mwanawe mkubwa, maana utani haufi na mtu.

Huenda akalisukuma kando. Huenda akakusalimu kwa adabu, akakuita bwana, akaagiza uletewe maji. Ikiwa hivyo, mwanangu, usichimbe. Hata wakubwa wakikuhimiza, hata kazi ikikuponyoka, usichimbe. Shimo lolote utakalolichimba pale litakuwa lile lile langu. Urudi Rasbura, tutatafuta kazi nyingine, mkonge haujaisha.

Lakini huenda akaligeuza mkononi, akaangalia lilivyoliwa na kutu, akakuambia baba yako ni mwizi, amekaa na mali ya watu mpaka imeoza, na wewe una masikio ya baba yako, na ukoo wenu wote haujawahi kumiliki jembe lenye makali. Akisema hivyo, au neno lolote baya kuliko hilo, Athumani, basi kaa, umsikilize mpaka amalize. Mwulize kisima kiwe wapi. Waulize wanawake wa kwao na binti zao kuhusu udongo. Na ukiona shimoni wanakutukana, ujue kazi inakwenda.

Halafu niandikie. Usiandike mengi, niandikie tu kwamba amelipokea. Kipande changu kikijaa nitapanda lori nije, nikaone kaburi la mwanangu, nisimame mbele ya yule mzee, nimpe mgongo wangu auchape akitaka, aseme anachotaka.

Dereva anapiga honi. Mpe shangazi yako salamu zangu, umwambie uongo aliousema kwa ajili yangu nimeutua.

Na Mzee Ligombe akikutukana, Athumani, cheka. Ukimaliza kicheko chako, cheka na changu.

Baba yako,
Salumu